Pweza, Stoo ya Vitabu na Simu Mbili: Kisa cha Hadithi za Kidijitali katika Darasa la Kifaransa

Usuli

Kisa hiki ni cha shule ya sekondari ya kutwa, ya serikali, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania Bara. Majina yote nimeyaondoa, na mwaka siutaji. Mwalimu wa Kifaransa nilikuwa mimi, peke yangu katika somo hilo.

Kifaransa kwetu ni somo la hiari. Kidato cha tatu kilikuwa na wanafunzi 31 waliolichagua, wengi wao wasichana. Wengine walilichagua kwa sababu ya wageni wanaofikia hoteli za ufukweni, wengine kwa sababu wana mjomba au shangazi anayepeleka bidhaa Bujumbura au Lubumbashi. Nami nilikuwa na hoja yangu kwa wazazi: Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga. Mtoto anayejua Kiswahili na Kifaransa anaweza kusafiri kutoka bandarini kwetu hadi Kinshasa bila kukosa wa kuzungumza naye.

Shida ni kwamba watoto wangu hawakuwa wakizungumza. Walijaza nafasi zilizoachwa wazi, walinyambua vitenzi ubaoni bila kosa, lakini ukimwambia mmoja asimame akueleze jana alifanya nini, anainamia daftari. Na akisoma, anasoma kama Kiswahili, kila herufi na sauti yake. *Ils mangeaient* inatoka "mangea-i-enti", ingawa ile -ent ya mwisho haitamkwi. Siwalaumu. Kiswahili kimewazoesha kwamba kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa, na kwa miaka miwili mimi mwenyewe niliwapa Kifaransa cha kuandikwa kabla ya Kifaransa cha kusikika.

Vifaa tulivyokuwa navyo: kompyuta mpakato moja ya ofisi ya taaluma, projekta, spika ndogo ya kuchaji, simu yangu, na simu ya zamani isiyo na laini. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Umeme ulikatika mara kwa mara, hasa mchana.

Wazo lilikotoka

Hadithi za kidijitali, kwa maana niliyoifuata mimi, zilianza California katika miaka ya 1990, Joe Lambert na Dana Atchley wakiwa miongoni mwa walioziasisi. Kazi yenyewe ni ndogo makusudi: mtu anasimulia kwa sauti yake mwenyewe jambo lililomgusa, kwa dakika mbili au tatu, juu ya picha chache zisizotembea. Si filamu. Kilichonivutia ni hiyo sauti yake mwenyewe. Mwanafunzi anayejirekodi lazima ajisikilize, na akijisikiliza hujisahihisha kabla mwalimu hajafungua mdomo. Tena watoto wa pwani hawahitaji kufundishwa hadithi ni nini. Ukisema "Paukwa!" darasa zima linaitika "Pakawa!" hata kama ni saa saba mchana na njaa inauma.

Awamu ya kwanza

Nilitoa wiki nne. Kila kundi la watu watatu liandike hadithi kwa Kiswahili, liigeuze Kifaransa, litafute picha, kisha litengeneze video nyumbani kwa simu ya mzazi au ya ndugu. Video zitumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ambalo wanachama wake walikuwa wazazi na walezi. Niliona nimepanga vizuri.

Makundi kumi yalihitajika kuleta kazi, saba yalileta. Nilipozifungua nikakuta Kifaransa ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukifundisha. *Il alla, il vit, ils s'enfuirent.* Hiyo ni passé simple, njeo ya vitabuni ambayo Mfaransa mwenyewe haitumii akizungumza na mwenzake. Kumbe walibandika hadithi zao kwenye programu ya kutafsiri, wakanakili kilichotoka, wakakisoma mbele ya simu. Hawakuelewa walichokisoma, na mtu asiyeelewa anachosoma hawezi kukitamka.

Kundi moja liliongozwa na binti nitakayemwita M. Hadithi ilikuwa ya bibi yake, mama mzaa mama, ambaye kwa miaka mingi alivua pweza mwambani nyakati za bamvua, maji yakipwa sana. Siku moja pweza alimng'ang'ania mkono akiwa peke yake na maji yameanza kujaa. Hadithi nzuri mno. Lakini katika Kiswahili "alikuwa akivua" haisemi kama ni mwanamke au mwanamume, na programu ilipokutana na sentensi isiyotaja bibi iliandika *il*, nafsi ya kiume, badala ya *elle* ya kike. Kwa hiyo katika aya ya pili bibi aligeuka mwanamume na akabaki hivyo hadi mwisho. Tena M. alipofika kwenye *poulpe*, yaani pweza, ile p ya mwisho haikutoka. Akasema *poule*. Kuku.

Mzazi mmoja aliituma ile klipu nje ya kundi, nadhani kwa nia ya kujivunia shule. Ikafika kwa vijana wanaoongoza wageni ufukweni, wanaokijua Kifaransa. Kufikia Jumatatu M. alikuwa akiulizwa njiani kama bibi yake anavua kuku baharini. Kwa siku tatu hakuja darasani kwangu. Alikuwa shuleni, ila kipindi cha Kifaransa kikifika hayupo.

Maamuzi, na kwa nini

Jambo la kwanza nilisimamisha kazi yote, nikaomba video zifutwe kwenye kundi. Nilijua kilichokwisha kutumwa hakirudi, lakini nilitaka wazazi waone kwamba ninalichukulia kwa uzito. Kisha nikaenda nyumbani kwa kina M.

Bibi alikuwepo, amekaa barazani. Niliposhika miguu na kueleza kilichotokea, mama yake M. alisema neno ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwalimu, sikukataa mtoto asimulie. Ila huyu ni mama yangu, na picha yake imo. Angeulizwa yeye kwanza." Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Nilikuwa nimeisikia redioni. Sikuwahi kufikiri kwamba inanihusu mimi na klipu ya dakika mbili ya darasani. Na hata bila sheria, adabu ya kwetu ilitosha kuniambia kwamba mtu mzima hasimuliwi hadharani bila yeye kuombwa.

Bibi mwenyewe hakuwa na kinyongo. Aliuliza hadithi inasemaje, M. akamsimulia kwa Kiswahili pale pale, naye akamkatiza: "Si mkono wa kulia. Wa kushoto. Wa kulia nilikuwa nimeshika mkonzo, ungekuwa wa kulia nisingerudi." Akakubali isimuliwe upya. Sauti ya mjukuu, sawa. Sura yake yeye, hapana. Mikono yake na ule mkonzo, mti wake wenye ncha wa kuvulia, wapige watakavyo.

Niliporudi nikabadilisha mpango mzima. Badala ya makundi, kila mwanafunzi na hadithi yake. Kurekodi kutafanyika shuleni tu, kwa simu mbili ninazozimiliki, ili aliye na simu nzuri nyumbani na asiye nayo wawe sawa. Hakuna video mpaka sauti ikamilike. Hapa nilikuwa na sababu ya kifundi pia: rekodi ya sauti ya dakika mbili, kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 1, wakati video ya muda huo huo kutoka kwenye simu ya kawaida hupita megabaiti 100 kwa urahisi. Kwa bando letu na kompyuta yetu moja, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama kazi itakwisha au haitakwisha.

Na hakuna kuandika kwanza. Hili ndilo walilolipinga zaidi, na mwalimu wa taaluma naye aliniuliza nitasahihisha nini kama hakuna daftari. Sababu yangu ilikuwa hii: tafsiri ya mashine inataka maandishi. Mwanafunzi anayeanza kwa mdomo hana cha kubandika. Tutaanza na picha tano zilizochorwa kwa kalamu ya risasi, sentensi moja au mbili kwa kila picha, zinasemwa, zinarekodiwa, zinasikilizwa, zinasemwa tena. Kuandika kutakuja mwisho, kutoka kwenye rekodi. Programu ya kutafsiri sikuipiga marufuku; niliiruhusu kwa neno moja moja, kama kamusi, na mbele yangu.

Awamu ya pili

Mahali pa kurekodia palitusumbua. Madarasa yetu yana mabati bila dari, na sauti inarudi kama uko ndani ya pipa. Nje kuna upepo. Tulijaribu maktaba, ikashindikana kwa sababu ya kidato cha nne. Mwishowe mtunza stoo alitupa ufunguo wa stoo ya vitabu, chumba kidogo kilichojaa vitabu vya kiada hadi juu, na karatasi zile zikameza mwangwi wote. Tulitandika khanga mbili juu ya meza, simu katikati. Wanafunzi walipojisikiliza mara ya kwanza wakanyamaza. Hawakuwahi kuisikia sauti yao ikiwa safi namna ile.

Kabla ya kurekodi tulikuwa na kazi ya njeo, na hapa nakiri kosa langu. Mwaka uliotangulia niliwafundisha kwamba -li- ni passé composé, njeo ya tendo lililotokea likaisha. Ni rahisi kukumbuka, lakini si kweli. "Bibi alivua pweza" inaweza kuwa siku moja au miaka thelathini. Matokeo yake kila kitu katika hadithi zao kilitokea mara moja tu: bibi *a pêché*, bahari *a été* shwari, upepo *a soufflé*.

Nikaacha kitabu, nikawaomba wasimulie kwa Kiswahili kama wanavyosimuliana nyumbani. M., ambaye alikuwa amerudi na kukaa nyuma, alisimulia hivi: "Bibi alikuwa akitembea mwambani. Maji yalikuwa yamekupwa. Akaona shimo. Akaingiza mkono. Pweza akamshika." Nikaandika vitenzi ubaoni, nikachora mstari chini ya kila -ka-. Wapi hadithi inasonga mbele? Kwenye -ka-. Wapi imesimama inatutazamisha mazingira? Kwenye "alikuwa aki-". Basi -ka- inaomba passé composé, "alikuwa aki-" inaomba imparfait, njeo ya hali iliyokuwa ikiendelea: *elle marchait sur le récif, elle a vu un trou, elle a mis la main, le poulpe l'a attrapée.* Na pale penye -li- peke yake, jaribu kuitoa uweke -ka-. Ikikaa vizuri, ni passé composé. Ikikataa, jaribu "alikuwa aki-".

Kijana mmoja wa mbele akasema, "Kumbe Kifaransa nacho kina -ka-." Hakina, kwa sarufi, lakini nilimwacha aondoke nayo. Jaribio hili lina mipaka yake: "alitaka" haliingii vizuri kwenye "alikuwa akitaka" masikioni mwa wengi, ingawa Kifaransa kinataka *voulait*, na halimsaidii mtu kuchagua kitenzi kisaidizi cha passé composé, *être* au *avoir*. Hata hivyo liliondoa makosa mengi kuliko majedwali yangu yote.

Kisha matamshi. M. alipoingia stoo, *poulpe* iligoma vile vile. Mara ya kwanza "pulu-pe", kwa irabu ya kuongezea. Mara ya pili *poule*. Ndivyo ulimi wetu unavyofanya neno linapoishia na konsonanti mbili: unaongeza irabu au unameza. Nilifungua rekodi kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, tukatazama mawimbi. Rekodi yangu ya *poulpe* ilionyesha sauti ikishuka, kimya kifupi, kisha mlipuko mdogo wa p. Yake ilishuka ikaisha. Aliliona kosa kwa macho kabla hajalisikia. Tukaanza na kipande cha "al" anachokijua kwenye "almasi" na "alfajiri", ili l ikae bila irabu nyuma yake. Kisha tukalitia neno mbele ya irabu: *le poulpe est rouge*, ambapo ile p inahamia kwenye silabi inayofuata, *pul-pe*, na ulimi unapata pa kukanyaga. Halafu tukaondoa *est rouge* polepole. Rekodi ya tisa ndiyo iliyokuwa safi. Hakunitazama mimi, aliirudisha nyuma akaisikiliza tena, na tena.

Kwa u ya *tu* na *rue*, ambayo kwetu haipo, njia iliyotufaa ni kusema "i" ya Kiswahili, ulimi usiondoke, midomo ikaviringwa kama ya "u". Simu iliwekwa karibu, na kila mtu alirekodi *tu*, *tout* (yenye "u" kama yetu), *tu*, *tout*, kisha akampa mwenzake aseme ipi ni ipi. Ugumu ulikuwa muda. Wanafunzi 31, simu mbili, vipindi vya dakika 40. Tulikula mapumziko ya chai na baadhi ya jioni, na wanaoishi mbali hawakuweza kubaki.

Picha zilipofika zamu yake zilichukua siku chache tu. Michoro ya kalamu ilipigwa picha, ikaongezwa picha za mahali na mikono, ikapangwa juu ya sauti kwenye kompyuta ya taaluma. Nyuso za watu hazikutumika isipokuwa kwa ridhaa ya maandishi. Kazi zilionyeshwa ukumbini kwa wazazi, kwa projekta, na hazikutumwa kwa mtu yeyote. Mzazi aliyetaka nakala ya mtoto wake aliipata kwenye flashi.

Matokeo

Hadithi 28 zilikamilika kwa sauti. Tatu hazikukamilika, zote za wanafunzi wa mbali. Kila mmoja kati ya wale 28 aliweza kusimulia hadithi yake tena bila karatasi, si neno kwa neno bali kwa kuzungukazunguka na kujisahihisha, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Passé simple haikuonekana hata mara moja.

Katika mtihani wa muhula, ambao tuliutunga wenyewe na ulikuwa wa kuandika, sikuona tofauti ya kutangaza. Insha zilikuwa na njeo bora, tahajia mbaya kuliko kawaida. Walioandika *elle marchè* walikuwa wengi: walisikia sawasawa, wakaandika walichokisikia.

M. alisimulia ukumbini. Bibi alikuja, akakaa mstari wa mbele. *Elle*, tangu mwanzo hadi mwisho. *La main gauche*, mkono wa kushoto.

Uchambuzi

Nikiulizwa teknolojia ilisaidia wapi hasa, jibu langu ni kitufe cha kurudia. Video, mipito ya picha, muziki wa chini, vyote vilipendeza na vyote vingeweza kukosekana. Rekodi ya sauti ndiyo iliyomfanya mwanafunzi awe msikilizaji wa kwanza wa Kifaransa chake. Darasani hili haliwezekani: sauti hutoka ikapotea, anayeikumbuka ni mwalimu peke yake, na mwanafunzi hubaki kumwamini tu. M. hakuhitaji kuniamini. Alikuwa na mawimbi mbele yake.

Kuanza kwa mdomo kulifanya kazi kwa sababu mbili, na mwanzoni niliitegemea moja tu. Niliitaka ili kuzuia kubandika. Kumbe ilirudisha pia usimulizi wa Kiswahili chao cha nyumbani, wenye -ka- na -ki- zake, ambao hupotea mtoto anapoandika insha ya shule. Anapoandika huweka -li- kila mahali. Kama ningewaacha waandike kwanza, hata kwa Kiswahili, lile daraja la njeo nisingeliona. Walimu wengi tumefundishwa kuifukuza lugha ya kwanza darasani. Katika kisa hiki ndiyo iliyobeba sarufi.

Kosa la awamu ya kwanza silioni kuwa ni la programu ya kutafsiri wala la wanafunzi. Niliomba hadithi iliyozidi uwezo wao wa lugha, nikaomba iandikwe, nikaomba itengenezwe mahali nisipokuwepo, nikataka ionekane vizuri. Mwenye akili yoyote angebandika. Suala la *il* na *elle*, hata hivyo, linafaa kufundishwa waziwazi: nafsi ya tatu ya Kiswahili haina jinsia, mashine hulazimika kukisia, na mara nyingi hukisia mwanamume. Sasa ninalifanya somo zima. Wanafunzi wanapewa tafsiri ya mashine na kazi yao ni kumtafuta bibi aliyepotea.

Kuhusu ridhaa, nilichelewa, na gharama yake ililipwa na mtoto. Fomu ninayoitumia sasa ina mistari mitatu tofauti: sauti, picha, na nani ataona. Mtu anaweza kukubali mmoja akakataa mwingine, kama bibi alivyofanya. Na anayesimuliwa anaulizwa na mwanafunzi mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya rekodi ya kwanza. Faida yake ya pili ni kwamba hadithi hurudi ikiwa na habari mpya, kama ule mkono wa kushoto.

Tahajia ni kushindwa ambako bado sijakutatua. Wiki ya kuandika kutoka kwenye rekodi niliipanga mwishoni, na mwishoni hakukuwa na muda. Nadhani inapaswa kuingia katikati, mara tu rekodi ya kila picha inapokuwa safi: sikiliza sentensi yako, iandike, fungua kitabu, ona herufi zisizosikika. Nitaijaribu hivyo.

Na kuna alama. Nilitenga alama 5 kati ya 20 kwa mpangilio wa picha, nikiamini wote walikuwa sawa kwa kuwa kazi ilifanyika shuleni. Hawakuwa sawa. Waliozoea simu nyumbani walimaliza kwa kipindi kimoja, wengine walihangaika na kipanya cha kompyuta ambacho hawakuwahi kukishika. Wawili walinijia baada ya matokeo, wakaniuliza kwa heshima kama walikuwa wakipimwa Kifaransa au kompyuta. Nilizifuta zile alama 5 kwa darasa zima, nikazihamishia kwenye usimulizi wa bila karatasi, nikabandika orodha mpya ubaoni siku ya pili yake. Wale watatu wa mbali tulimalizia rekodi zao muhula uliofuata, asubuhi kabla ya kengele, kwa sababu ndio muda pekee ambao daladala lao liliwafikisha mapema.